Kaseti za Mama Candide

Kila Ijumaa saa saba mchana redio ya taifa ilikuwa na mchezo wa Kiswahili ulioitwa Nyumba Namba Saba, na kila Ijumaa saa saba mchana Shakuru alikuwa msikitini. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Si kwamba kusali kulimchosha. Alikuwa mtu wa safu ya pili, nyuma kidogo ya wazee, na tangu utotoni hakuwahi kukosa sala ya Ijumaa isipokuwa siku alizolazwa na malaria. Lakini alipotoka na kuvaa viatu, mtaa mzima wa Buyenzi ulikuwa umeshajua kilichotokea kwenye mchezo, yeye hajui.

Mchezo wenyewe ulihusu nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na mlango mmoja wa mbele. Aliyezungumzwa kuliko wote alikuwa Baltazari, mtu wa posta, mpangaji wa chumba cha nyuma. Kwa miaka mitatu Baltazari alikuwa na barua ya jirani yake, Mama Riziki, na hakumpa. Kwa nini hampi? Watu waliulizana sokoni, waliulizana kwenye bomba la maji, waliulizana wakisukwa nywele. Mwaka huo wa 1998 yalikuwapo mambo mengi mazito ya kuulizana, na labda ndiyo maana walipenda kuulizana hilo.

Mke wake, Khadidja, aliusikiliza mchezo akiwa jikoni. Shakuru alipofika kula, alimwomba amsimulie. Khadidja alikuwa na mema mengi, ila kusimulia hakujaliwa.

"Leo Mama Riziki amelia," alisema, akiweka sahani ya wali.

"Amelia nini?"

"Sababu ya yule."

"Yule nani?"

"Yule wa juzi. We kula, Baba Soumaya, chakula kinapoa."

Shakuru alikula. Alasiri alirudi garaji na kusikiliza wenzake wakibishana juu ya vipande ambavyo wake zao nao waliwasimulia, kila mmoja na kipande chake, na vipande havikushikana.

Garaji yake ilikuwa uwanja mdogo kwenye avenue ya kumi na tatu, umezungushiwa mabati ya zamani, na ndani yake kulikuwa na magari manne ambayo mawili hayakuwa na matumaini. Alifanya kazi na Radjabu, fundi wa kunyoosha bodi, mtu wa miaka hamsini na nane aliyefiwa na mkewe zamani na ambaye nyundo yake ilisema zaidi kuliko mdomo wake. Kila siku alipita Akilimali, Mkongomani wa Uvira, aliyeuza vipuri vidogo kutoka kwenye begi la shule: plagi, fyuzi, nyaya, chochote alichoweza kukivusha mpakani. Nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo, petroli ilikuwa ya kuviziwa, na begi la Akilimali lilipokelewa kama daktari.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne aliingia mwanamke mmoja na gari yake, Starlet nyeupe, ikisukumwa na vijana watatu. Aliitwa Olga. Alikuwa sekretari katika ofisi ya shirika la misaada kule Kinindo, na alikaa Kinanira, juu mlimani, pamoja na mama yake.

"Nikigeuza ufunguo inasema tik," alieleza, "halafu inanyamaza kama mutu aliyekasirika."

"Hiyo ni demareri, Madamu, mota ya kuwashia. Niachie mpaka kesho."

Olga aliacha ufunguo akaondoka kwa miguu. Shakuru aliketi kwenye usukani, akageuza ufunguo nusu ili aone taa ndogo za dashibodi. Taa ziliwaka, na kutoka kwenye spika za milangoni akatoka kuku.

Kuku yule alilia mara mbili. Kisha ukapigwa muziki ambao Shakuru aliujua vizuri, kwa sababu Khadidja aliuimba akiosha vyombo. Kisha mtu akasema kwa sauti ya redio, "Nyumba Namba Saba." Shakuru alitazama saa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ile haikuwa redio. Ilikuwa kaseti. Mtu alikuwa ameukamata mchezo wa Ijumaa akauweka kwenye plastiki.

Na palikuwa na sauti nyingine, karibu zaidi kuliko za wachezaji, sauti ya mwanamke mzee ambaye hakuwa kwenye mchezo kabisa.

"Angalia huyo," ilisema sauti ile, "anaingia mu nyumba ya watu bila kupiga hodi. Alilelewa wapi?"

Radjabu alikuja na nyundo mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Nyumba Namba Saba."

"Leo ni Jumatatu."

"Najua."

Radjabu aliwaza kidogo, akaweka nyundo juu ya tairi, akafungua mlango wa nyuma na kuketi.

Kwenye kisanduku cha mbele ya abiria walikuta kaseti nyingine kumi, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu ya bluu, kuanzia tarehe sita ya mwezi wa pili. Shakuru aliitoa ile iliyokuwa ndani, ambayo ilikuwa ya Ijumaa iliyopita, akaingiza ya kwanza. Hakutaka kuanzia mwisho. Maisha yake yote alikuwa ameusikia mchezo huu kuanzia mwisho.

Demareri yenyewe ilikuwa tayari jioni ile ile. Vikaboni vyake vilikuwa vimelika, na Shakuru alikuwa navyo vingine kwenye kopo. Olga aliporudi Jumanne, gari ilikuwa nzima. Lakini walikuwa wamefika kaseti ya tatu, na Baltazari alikuwa ndio kwanza amesimama mbele ya mlango wa Mama Riziki, mkono juu, hajagonga.

"Madamu," Shakuru alisema, akijifuta mikono iliyokuwa safi tayari, "kuna piesi imekosekana. Vipuri havifiki, unajua mipaka imefungwa."

Kuhusu mipaka alisema kweli.

"Mpaka lini?"

"Alhamisi."

Alhamisi alimwambia Jumamosi. Katikati ya siku hizo garaji ilipata desturi mpya. Saa nne, wakati wa chai, milango yote minne ya Starlet ilifunguliwa, Shakuru akaketi mbele, Radjabu nyuma, na mafundi wa garaji za jirani wakachuchumaa pande zote na vikombe vyao. Akilimali alikaa chini kabisa, sikio kwenye spika ya mlango. Alasiri walisikiliza tena. Walipobishana, Shakuru alisimamisha kaseti, akairudisha nyuma, akaipiga upya, na aliyekosea alinyamazishwa na Baltazari mwenyewe. Hilo ndilo lililomshangaza Shakuru kuliko mchezo. Miaka yote ameikimbilia redio, na mara nyingi ameikuta imeshaondoka. Sasa redio ilimsubiri anawe mikono.

Na walimpenda yule bibi. Hakuna aliyejua ni nani. Alizungumza mchezo mzima, akawagombeza wachezaji, akawafukuza kuku, akamjibu jirani aliyemsalimia ukutani. Mama Riziki alipolia, bibi alimwambia, "Lia, mwanangu, lakini kwanza toa sufuria motoni." Akilimali alicheka mpaka akamwaga chai.

Jumamosi Olga alifika saa tatu. Shakuru alimpa ufunguo kwa heshima zote. Olga aliketi, akageuza. Gari haikusema hata tik.

"Batri," alisema Shakuru polepole.

"Batri ni mpya. Nimenunua mwezi wa kwanza."

Olga alitazama mbele yake, kisha akabonyeza kitufe, kaseti ikachomoza. Akaisoma.

"Shakuru, Jumatatu niliacha humu kaseti ya tarehe kumi na saba. Hii ni ya tarehe kumi."

Nyundo ya Radjabu ilinyamaza.

"Siku tano nimetembea," Olga aliendelea, na hakupaza sauti. "Kinanira mpaka Kinindo, Kinindo mpaka Kinanira, ile ya kurudi ni kupanda. Kila siku nafika kwenye bariyeri, askari wale wale, wananiomba karatasi kama hawajaniona jana. Na gari ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima tangu Jumatatu," Shakuru alisema. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Sina la kusema, Madamu. Nimekudanganya."

Radjabu alikuja akasimama karibu yake.

"Na mimi nilisikiliza," alisema. "Usimlaumu yeye peke yake."

"Na mimi," alisema Akilimali kutoka nyuma ya tairi.

Olga aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amekasirika kweli, na walijua ana haki. Aliweka mikono juu ya usukani kama mtu anayeendesha. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Mumefika wapi?"

"Baltazari ameingia kwa Mama Riziki," alisema Shakuru. "Amekunywa chai. Vikombe viwili. Ametoka, na barua bado iko mu mfuko."

"Basi ya tarehe kumi na saba hamujasikia."

"Apana. Tulisikia mwanzo tu, ile siku ya kwanza, tukaitoa."

"Na mama yangu mumemusikia?"

Walitazamana, kila mtu akielewa kwa wakati wake.

"Yule ni mama yako?" Shakuru aliuliza.

Olga alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika, na Shakuru alidhani analia, mpaka alipoona anacheka, kama mtu anayecheka bila kupenda.

Aliwaeleza. Saa za mchezo yeye yuko ofisini. Mama yake, Candide, anabaki nyumbani peke yake na redio kubwa ya marehemu baba, ambayo haina sehemu ya kaseti. Basi Olga alimnunulia kinasa sauti kidogo, mama akakiweka mbele ya redio, na kila Ijumaa anabonyeza. Mara mia Olga amemwomba asizungumze, na kila mara mama ameahidi. Kaseti zenyewe zilikuwa za rumba za marehemu. Sasa Baltazari alikuwa amenaswa juu ya rumba hizo.

"Kile kinasa kinaharibika," Shakuru alisema. "Kaseti za mwisho sauti zinavutwa. Wote wanaongea kama wamelewa. Ni mkanda wa ndani, ule wa mpira. Nitakuja nikitengeneze. Nitakuja kwa miguu."

"Utakuja kwa miguu," Olga alikubali. "Jumatano."

Aliwashiwa gari kwa batri ya gari jingine. Kabla ya kuondoka alitoa mkono dirishani akampa Shakuru kaseti mbili: ile ya tarehe kumi na saba, na nyingine kutoka kwenye mkoba wake, ya jana.

"Jumatano unazileta," alisema. "Ukiniambia kuna piesi imekosekana, sitakusamehe tena."

Jumatano Shakuru alitembea. Alipita kwenye bariyeri, akaonyesha karatasi zake, akaulizwa anakwenda wapi na turnevisi tatu za kufungulia skrubu, akasema anakwenda kutengeneza redio ya mama mmoja, akaachwa. Kinanira kulikuwa na upepo mzuri, na huko juu zaidi, penye milima ambayo watu walikuwa hawaendi tena kulima kwa ajili ya vita, ilionekana mistari miwili ya moshi. Ziwa lilikuwa chini, buluu, na nyumba za Kibenga pembeni yake zikiwa ndogo kama maboksi.

Candide alikuwa uani akitupia kuku mtama. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibu, mwanangu. Olga aliniambia utakuja," alisema, na Shakuru, aliposikia sauti ile ikitoka kwenye mdomo wa mtu, hakuweza kujizuia. Alicheka.

"Unacheka nini?"

Ilibidi amweleze. Alidhani Olga amekwisha kumwambia, kumbe hakumwambia. Candide alisikiliza yote, gari, milango minne, chai, mafundi. Akaweka bakuli la mtama chini, akaingia ndani, hakutoka.

Shakuru alifungua kinasa sauti mezani barazani, peke yake, moyo mzito. Mkanda ulikuwa umelegea kama alivyosema. Alikuwa na mwingine alioutoa kwenye redio ya gari iliyokufa, mkubwa kidogo, akaukata na kuuunganisha kwa gundi, akaushika mpaka ukauke. Alikuwa bado ameushika Candide alipokuja na birika.

"Wanaume wangapi?" aliuliza.

"Wanane. Siku ya mwisho kumi na wawili, pamoja na wauza vipuri."

Alimimina chai.

"Na walicheka?"

"Sana, mama."

"Walicheka wapi?"

"Ile ya sufuria. Na pale ulipomwambia mwenye nyumba kwamba paa lake linavuja sababu ya dhambi zake."

"Pale si pa kucheka," alisema Candide. "Pale nilikuwa nimekasirika." Aliketi. Alizungusha kikombe kwenye sahani. "Olga anatoka saa moja asubuhi. Zamani, nikiuza vitenge sokoni, naongea na watu mia kwa siku. Sasa soko mi siendi, miguu imekataa, na majirani wa upande huu wamehama tangu mwaka juzi. Nikiongea, naongea na redio. Haijibu, lakini haikimbii."

"Basi sasa unaongea na sisi," Shakuru alisema.

Candide alimwongezea sukari bila kumuuliza.

Kaseti iliyofuata ilifika garaji Jumamosi, mkononi mwa Olga, na ilianza hivi:

"Salamaleko, watu wa Buyenzi. Ni mimi, Candide wa Kinanira. Leo tumepata mayai manne. Mvua ilikuja asubuhi ikabadilisha mawazo. Haya, muziki wao unaanza, tunyamaze."

Hakunyamaza. Sasa alijua anasikilizwa, na alifanya kazi yake kwa bidii. Aliwaeleza nani anaingia kabla hajaingia. Alimuuliza Akilimali kwa jina kama Uvira nako watu wa posta wako hivi. Olga alilalamika kwamba siku hizi Baltazari hasikiki vizuri, mama amemfunika. Mafundi walisema Baltazari atavumilia.

Halafu walianza kujibu. Wazo lilikuwa la Akilimali: upande wa pili wa kaseti una rumba tu, kwa nini tusiongee pale? Shakuru aliazima kinasa kwa jirani. Kila mtu alipewa nafasi. Wengi walisalimia, wakakohoa, wakasahau walichotaka kusema. Radjabu, ambaye hakuna aliyemtarajia, alishika kinasa kwa mikono miwili akazungumza dakika tano bila kusita. Alisema Baltazari si mwizi. Alisema kuna mtu anaweza kushikilia barua kwa sababu anaogopa kilichomo kitamwondolea jirani, na kwamba chai ya vikombe viwili si kitu kidogo kwa mtu anayekula peke yake.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata.

"Radjabu," alisema Candide ndani ya spika za Starlet, "umesema maneno ya mutu aliyewaza. Nani anakupikia chai, wewe?"

Wanaume wote waligeuka kumtazama. Radjabu alitazama kucha zake.

"Rudisha nyuma kidogo," alimwambia Shakuru.

Hivyo zilipita wiki sita au saba. Khadidja aliona mumewe hamuulizi tena habari za mchezo wakati wa kula, na alimshukuru Mungu.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita Olga alikuja amechelewa. Macho yalikuwa mekundu. Alimpa Shakuru kaseti bila kuzima gari.

"Mama yuko mzima," alisema kwanza, kabla hawajauliza. "Sikilizeni. Amesema lazima niwaletee hivyo hivyo."

Ilikuwa Ijumaa ambayo redio ilikuwa imetangaza wiki nzima: barua itafunguliwa. Candide aliwasalimia, akataja mayai. Mchezo ukaanza. Baltazari aligonga mlango, Mama Riziki akafungua, na wakati kiti kinavutwa, mbali, nyuma ya sauti zao, ikasikika kama mtu anagonga bati. Kisha karibu zaidi. Kisha karibu sana.

"Watu wa Buyenzi," alisema Candide, "hiyo haimo mu mchezo."

Kitu kilianguka. Kinasa kilichukuliwa, kikakwaruza, na baada ya hapo palisikika pumzi zake tu, kubwa, karibu. Alikuwa chini ya meza na kinasa kifuani. Redio ilibaki juu. Baltazari alikuwa anasoma barua huko juu na hakuna neno lililoshikika. Bastola au bunduki, hakuna fundi aliyejua kutofautisha, zililia zikaifunika sauti yake. Candide alisali kwa Kirundi, haraka haraka, Salamu Maria mbili. Katikati ya ya tatu akasimama.

"Amesema nini pale? Baltazari, ongeza sauti, we mwanaume."

Akilimali alicheka, akaziba mdomo. Wengine hawakucheka. Walisikiliza mpaka kaseti ikafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe.

"Sasa yuko wapi?" Shakuru aliuliza.

"Yuko nyumbani. Tangi la maji la jirani limetobolewa, ukuta wetu una matundu, na yeye amekataa kutoka. Anasema ataenda wapi na kuku." Olga alijifuta uso. "Ofisi wamenipa chumba kimoja Kinindo, mi peke yangu. Yeye hawamutaki."

Shakuru alimtazama Radjabu, lakini Radjabu alikuwa ameshakwenda kuwasha pikapu ya mteja, ile iliyokuwa na matumaini.

Walipanda Kinanira saa sita mchana. Candide aliwapokea barazani kwake kama wageni wa kawaida, akaanza kutafuta vikombe.

"Mama," Shakuru alisema, "mke wangu ametayarisha chumba. Anakungoja."

Khadidja hakuwa amejua lolote bado, lakini Shakuru alimfahamu.

"Na kuku?"

"Kuku wanakwenda mbele, na mimi," alisema Radjabu. Ilikuwa mara ya kwanza anamwona. "Karibu kwa gari, mama."

"Wewe ni nani?"

"Radjabu."

Candide alimtazama juu mpaka chini, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akairudisha.

"Sauti yako ni kubwa kuliko wewe," alisema, na akaenda kuchukua redio.

Kwa Khadidja alipewa chumba cha Soumaya, binti aliyekuwa ameolewa. Siku ya kwanza alipumzika. Siku ya pili alikumbuka kwamba mwenyeji wake aliisikia barua ile Ijumaa, hewani, bila risasi. Alimketisha jikoni, akachukua maharage ya kuchagua, na akaanza kazi ambayo Shakuru alishindwa kwa miaka miwili.

"Barua ilitoka kwa nani?"

"Kwa ndugu yake."

"Ndugu gani? Anaitwa nani? Tuliambiwa amekufa?"

"Yule wa Kigoma. Eh, walisema alizama."

"Basi hakuzama."

"Hakuzama," alisema Khadidja, na akaacha kuchagua maharage. "Yuko hai, ana duka, anamwita dada yake akaishi huko. Ndiyo Baltazari akaficha. Alimwambia: nilijua utakwenda, na mi nitabaki na nani? Na Mama Riziki akamtazama tu. Halafu akasema, ungeniuliza. Miaka mitatu, ungeniuliza tu."

Alisimulia yote, mwanzo hadi mwisho, kwa nusu saa. Shakuru alikuwa amesimama mlangoni na hakuthubutu kuingia.

Candide alikaa Buyenzi miezi mitatu. Ijumaa yeye na Khadidja waliweka kinasa mbele ya redio kubwa, na wanaume walipotoka sala mchezo ulikuwa tayari, bado wa moto. Siku moja walimketisha kwenye kiti cha mbele cha Starlet, Olga alipokuja kubadilisha mafuta, wakampigia kaseti yake ya mwezi wa tatu. Hakuwa amewahi kujisikia. Alivumilia dakika chache, mikono mapajani.

"Huyu mwanamke anasema sana," alisema. "Na nyinyi munamuacha?"

Mwezi wa nane mchezo uliisha. Mama Riziki alipanda meli ya Kigoma na Baltazari akambebea sanduku mpaka bandarini, na kama alipanda naye au alirudi, redio haikusema. Watu walibishana mpaka mvua. Mwezi wa tisa milima ya juu ya Kinanira ilitulia, angalau kwa muda, na Candide akasema anataka ukuta wake, hata wenye matundu. Radjabu aliyaziba kwa saruji, siku mbili, na alichelewa kurudi siku zote mbili.

Jumamosi iliyofuata saa tatu Starlet iliingia uani. Olga alishuka na kaseti.

"Ya nini?" Shakuru aliuliza. "Mchezo umeisha."

"Hata mi nilimwambia. Amesema ni Ijumaa, alibonyeza."

Walifungua milango minne. Hapakuwa na muziki wala Baltazari. Alikuwa Candide kwa nusu saa nzima: kuku waliokataa kutaga kwa sababu ya safari, familia moja iliyorudi nyumba ya pili kutoka kwake na mtoto mchanga, habari za redio za saa saba na yeye anavyoziona, saruji ya Radjabu ambayo imepasuka mahali padogo tu. Vikombe vilipoa. Hakuna aliyesimama mpaka kitufe kiliporuka chenyewe.

Akilimali alifunga begi lake. Mafundi wa jirani walirudi kwenye kazi zao. Shakuru aliitoa kaseti, akaigeuza upande wa pili, akaiweka kwenye kinasa cha kuazima na kuuliza nani anaanza.

"Nipe mimi," alisema Radjabu.

Aliingia kwenye gari na kinasa, akafunga milango yote, akapandisha vioo. Shakuru alisubiri nje kidogo, kisha akaona anamzuia mtu, akaenda kutafuta chai.